Barua ya wazi kwa wachungaji na wazee wa makanisa ya Kigoma: wekeni siku ya kuwarudisha mliowatenga

Wachungaji wangu, wazee wa kanisa, wainjilisti, na nyote mnaokalia vikao vya nidhamu katika makanisa yetu, kuanzia Kigoma mjini na Ujiji hadi Kasulu, Buhigwe, Uvinza, Kibondo na Kakonko: Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia mimi binti yenu katika Bwana, mama wa kanisa, niliyekuwa karani wa kikao cha wazee kwa miaka mingi. Ombi langu ni moja na nalitaja mapema. Kila mshirika mnayemtenga, siku hiyohiyo mnayomtenga, mwandikieni tarehe ya kikao cha kumwangalia tena, na mteueni mtu mmoja wa kumlea mpaka tarehe hiyo ifike. Na wale mliokwisha kuwatenga bila tarehe, fungueni daftari, muwaite.

Wapo watakaosoma hapa wakadhani nataka kanisa liache kukemea dhambi. Sitaki hivyo kabisa. Nimekaa na mama aliyevimba uso, ambaye mumewe alimpiga Jumamosi usiku na Jumapili asubuhi akawa mlangoni anapokea wageni na kugawa vitabu vya nyimbo. Mama yule hakuhitaji mahubiri juu ya uvumilivu. Alihitaji kuona kanisa linamsimamisha huyo bwana, linamwambia mbele ya wazee kwamba mikono hiyo haitagusa kitabu cha nyimbo mpaka iache kumgusa mkewe kwa hasira. Vivyo hivyo mtunza hazina aliyekula michango ya mabati ya wajane. Kanisa likinyamaza, aliyeumizwa anaelewa kwamba limeshika upande wa aliyemuumiza. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu walimvumilia mtu aliyekuwa na mke wa baba yake, tena wakajivuna. Kutenga kupo katika Maandiko, kuna kazi yake, na anayesema "msihukumu" kila dhambi inapotajwa hajawahi kuketi na waliodhulumiwa.

Ninacholilia ni kwamba tunajua sana kumtoa mtu na hatujui kumrudisha.

Tazameni tunavyoitumia sura ya 18 ya Injili ya Mathayo. Tunaipenda, ila tunaisoma kuanzia mstari wa 17, pale aliyekataa kulisikiliza kanisa anapohesabiwa kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Lakini Bwana alianza mbali. Mistari ya 12 hadi 14 ni habari ya mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja. Ndipo unakuja mstari wa 15: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo." Baadaye ndio wanaitwa wawili au watatu, na mwisho kabisa kanisa. Na hapohapo, mstari wa 21, Petro anauliza asamehe mara ngapi, anajibiwa saba mara sabini, kisha anaelezwa habari za mtumwa aliyesamehewa deni kubwa akamkaba koo mwenzake kwa deni dogo. Hatua ya kutenga Bwana ameiweka katikati ya kutafuta na kusamehe. Sisi tumeichomoa humo tukaiweka kwenye katiba ya kanisa peke yake.

Huku kwetu mambo huenda hivi, na nyote mnayajua. Habari inaanzia mwaloni Kibirizi au sokoni, inaingia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, inafika kwa mzee mmoja wa kanisa, naye anamwambia mwenzake "kwa ajili ya maombi". Anayetajwa ndiye wa mwisho kusikia. Hakuna aliyemwendea akiwa peke yake. Hakuna wawili waliokwenda jioni wakakaa naye. Anaitwa kikaoni, anakuta watu wanaopanga ni wiki ngapi na nani atasoma tangazo, kwa maana shauri limekwisha kukatwa. Niliandika mihtasari ya vikao vya namna hiyo. Mara nyingi mshtakiwa alipewa nafasi ya kusema dakika za mwisho, wakati mwenyekiti anatafuta mtu wa kufunga kwa sala.

Sasa nizungumze juu ya daftari, maana hilo ndilo ninalolijua zaidi.

Katika daftari la kikao kuna jina, kosa, tarehe ya kutengwa, na sehemu ya maelezo. Kwenye maelezo niliandika nilichoambiwa niandike: "Ametengwa mpaka atakapotubu." Sentensi hiyo ina sauti ya Kibiblia. Lakini ni nani atakayesema kwamba sasa ametubu? Aliyetengwa haruhusiwi kuingia kikaoni mpaka aitwe. Kikao hakimwiti mpaka aombe. Yeye anaona aibu kuomba, tena anaogopa ataulizwa upya yale yale mbele ya wazee kumi na wawili, watatu kati yao wakiwa mashemeji zake. Basi anakaa benchi la nyuma. Haimbi kwaya, haombi kwa sauti, hasogei Meza ya Bwana, haalikwi kwenye maombi ya nyumba kwa nyumba. Sadaka yake lakini inapokelewa kila Jumapili, na bahasha ya fungu la kumi yenye jina lake haijawahi kurudishwa.

Wale waliopewa "miezi sita" hawana nafuu. Mwezi wa sita unafika watu wako mashambani, au mchungaji amehamishwa, au mzee aliyelijua shauri amefariki. Mchungaji mpya anakuta jina, haijui habari, anaogopa kugusa. Nimeona watu wakizeeka hivyo. Alitengwa akiwa kijana, leo ana wajukuu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yamekwisha.

Wengine wanaondoka. Anapanda basi kwenda Kaliua au Urambo kulima tumbaku, au anahamia upande wa pili wa mji, anaingia kanisa jingine bila barua, anapokelewa kwa makofi. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo utaratibu wetu unapojipinga wenyewe. Yule mpiga mke akihama, dhambi yake inahama pamoja naye; huko aendako hakuna anayejua, na baada ya mwaka atakuwa shemasi. Anayebaki benchi la nyuma ni yule mwenye hofu ya Mungu, aliyekubali aibu kwa sababu analipenda kanisa lake. Tunamtesa aliyebaki na kumwachilia aliyekimbia. Laiti tungekuwa na desturi ya kuandikiana barua, kanisa kwa kanisa, na kumaliza shauri mahali lilipoanzia, wengi wasingehama.

Mnakumbuka ziwa letu lilipofungwa. Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei 2024 hadi tarehe 15 Agosti 2024, samaki wapate kuzaliana. Wavuvi walilalamika, na haki walikuwa nayo, maana miezi mitatu bila dagaa ni njaa. Lakini walivumilia kwa sababu siku ya kufunguliwa ilitangazwa pamoja na siku ya kufungwa. Walitengeneza nyavu na kupaka mitumbwi lami wakijua tarehe. Fikirini kama wangeambiwa, "Ziwa limefungwa mpaka litakapokuwa tayari."

Msidhani nawaletea jambo jipya la kizazi hiki. Mwaka 2025 ilitimia miaka 1,700 tangu maaskofu walipokutana Nikea, mji wa kale katika Uturuki ya leo, mwaka 325. Sisi tunakumbuka kwamba walikutana kwa ajili ya Ario, padri aliyepinga Uungu kamili wa Kristo. Tunasahau kwamba waliandika pia kanuni za nidhamu, na zinafaa kusomwa katika vikao vyetu. Walikuwa na shauri zito kuliko letu: Wakristo waliomkana Bwana wakati wa mateso ya Kaisari Licinio, tena bila kulazimishwa wala kuporwa mali. Kanuni ya 11 iliwawekea njia ndefu: miaka mitatu wakae miongoni mwa wasikilizaji, saba miongoni mwa wapiga magoti, na miwili washiriki sala pamoja na waamini bila kutoa matoleo. Ni miaka kumi na miwili, na mimi naiona mingi mno. Lakini ilikuwa na mwisho, na kila ngazi ilimsogeza mtu karibu na Meza. Kanuni ya 12, juu ya waliokuwa wameuacha uaskari kisha wakaurudia, ikampa askofu ruhusa ya kufupisha muda kwa yule anayeonyesha toba yake kwa matendo na machozi. Na kanuni ya 5, ambayo ningependa ibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya mchungaji hapa Kigoma, iliagiza sinodi, yaani vikao vya maaskofu, zikae mara mbili kila mwaka na zichunguze waliotengwa, zione kama askofu aliwatenga kwa sababu ya haki au kwa ugomvi na chuki zake.

Mara mbili kila mwaka, ndugu zangu. Watu wale walisafiri kwa miguu, kwa punda na kwa mashua, na bado waliona inafaa kukaa mara mbili kila mwaka kuwaangalia waliotengwa. Kikao chetu kinakaa kila mwezi na ajenda ya kwanza ni mapato.

Hata kabla ya Nikea, baada ya mateso ya Kaisari Desio yaliyoanza mwaka 250, alitokea Novatiano kule Roma aliyefundisha kwamba walioanguka kwa kumkana Bwana wasipokewe tena kamwe. Kanisa lilimkataa. Lilichagua njia ya Sipriano, askofu wa Karthago: toba ya kweli, muda uliopimwa, kisha mlango unafunguliwa. Ninapolitazama daftari letu, nasikitika kuona kwamba kwa maneno tunamkataa Novatiano na kwa matendo tunamfuata.

Jambo la pili linaniuma zaidi, nalo ni nani hasa tunaowatenga. Fungueni daftari lolote msome majina. Mtakuta wasichana waliopata mimba, wajane wanaouza pombe ya kienyeji ili walishe watoto, vijana wa kwaya, watu wasio na ndugu kikaoni. Msichana mimba yake inaonekana. Mwanamume aliyempa haonekani, na akitajwa anakana, na kikao kinasema hakuna ushahidi. Nimemwona msichana akisimamishwa mbele ya kanisa zima, watoto wa shule ya Jumapili wakitazama, huku aliyempa mimba ameketi safu ya tatu.

Na andiko tulilomsomea siku hiyo ni lile la 1 Timotheo 5:20: "Wale wadumuo kutenda dhambi uwakemee mbele ya wote, ili na wengine waogope." Nawasihi msome mstari unaolitangulia. Mstari wa 19 unasema usikubali mashitaka juu ya mzee ila kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Paulo anazungumza juu ya wazee! Andiko la kukemea hadharani limeandikwa kwanza kwa ajili ya viongozi wanaodumu katika dhambi, sisi tukaligeuza kuwa fimbo ya binti wa miaka kumi na tisa aliyeanguka mara moja na analia.

Mwaka 390, askari wa Kaisari Theodosio waliua maelfu ya watu katika mji wa Thesalonike. Ambrosi, askofu wa Milano, alimwandikia Kaisari kwamba hatatoa sadaka ya Meza mbele yake mpaka atubu. Huyu ndiye mtu aliyekuwa na majeshi yote ya dola. Akavua mavazi ya kifalme, akatubu mbele ya watu, na baada ya miezi akapokelewa tena Mezani. Ninawaza: je, kikao chetu kingeweza kumwandikia barua ya namna hiyo yule aliyetujengea madhabahu? Wote tunajua jibu, na vijana wetu wanalijua kuliko sisi. Ndiyo sababu wanapotengwa hawatubu, wananuna.

Baba zangu, kuna makosa ambayo tumeyaita dhambi ya msichana na siyo yake. Akiwa chini ya miaka 18, sheria yetu inamhesabu mtoto, na mwanamume mtu mzima anayelala naye nje ya ndoa amebaka, hata kama binti alikubali. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kifungo hakipungui miaka 30. Shauri hilo si la wazee wa kanisa. Ni la polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, na kikao kinacholimaliza kwa ng'ombe wawili na maombi kinamficha mhalifu. Binti huyo anahitaji kanisa lisimame upande wake. Mwezi Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba waruhusiwe kurudi darasani, na aliyetangaza alikuwa Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa mbunge wa Kasulu Mjini, hapahapa kwetu. Shule imewekea wasichana hao utaratibu wa kurudi. Mwalimu mkuu anampokea Jumatatu msichana ambaye Jumapili sisi tulimwonyesha benchi la nyuma.

Nigusie na wale waishio pamoja bila ndoa, kwa sababu ndio wengi. Tunawanyima Meza miaka na miaka, tukisema wafunge ndoa kwanza. Tukiwauliza kwa nini hawafungi, wanasema mahari haijaisha, au sherehe haina fedha. Sasa someni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 41 kinasema ndoa haibatiliki kwa sababu mila ya mahari haikutimizwa. Taarifa ya ndoa inatakiwa siku 21 kabla, yaani majuma matatu. Hakuna panapotaja ukumbi, keki wala sare za kamati. Mchungaji anaweza kuwafungisha ndoa mume na mke wenye watoto wanne katikati ya ibada ya kawaida, wakiwa na nguo zao za Jumapili, kisha wakaenda nyumbani kula ugali na mgebuka. Ni wachungaji wachache wanaofanya hivyo, nawashukuru. Wengine tumeacha familia nzima nje ya Meza kwa sababu ya gharama ambazo Mungu hakuzidai, halafu tunaandika kwenye daftari kwamba "wamekataa kutubu".

Na msibani. Hapa naandika kwa uchungu. Mtu anafariki akiwa ametengwa, na kikao kinaamua kwamba mchungaji haendi, kwaya haiimbi, jeneza haliingii kanisani. Nimehudhuria mazishi ya namna hiyo. Majirani zetu Waislamu walichimba kaburi pamoja na vijana wa mtaa, wakakaa na wafiwa usiku kucha, wakachanga. Sisi, ambao marehemu alikuwa akikaa benchi letu la nyuma bila kukosa, tulibaki majumbani. Watoto wake hawajarudi kanisani na sithubutu kuwalaumu. Mnasema mkimzika mtaonekana mnabariki dhambi. Maaskofu wale wale wa Nikea, waliowawekea watu miaka kumi na miwili ya toba, waliandika katika kanuni ya 13 kwamba anayekaribia kufa asinyimwe chakula cha Bwana cha safari yake ya mwisho. Ukali wao ulisimama mlangoni mwa kifo. Wetu unaingia hata kaburini, mahali ambapo aliyetengwa hawezi tena kutubu na wanaoadhibiwa ni watoto.

Tukisema juu ya kurudisha, nimeona watu wakiogopa kwamba tutarahisisha dhambi. Hebu tumwangalie Paulo katika 2 Wakorintho 2. Kuna mtu aliyeadhibiwa na walio wengi. Wengi wamemwona kuwa ni yule yule wa waraka wa kwanza, wengine wanasema ni mwingine. Vyovyote iwavyo, Paulo anasema adhabu ile yatosha. Anawataka wamsamehe na kumfariji, asije "akamezwa na huzuni yake ipitayo kiasi", na anaongeza kwamba Shetani hupata nafasi hapo. Huzuni ina kipimo. Ikizidi inaacha kuwa ya toba, inakuwa ya kuangamiza. Nani katika vikao vyetu ana kazi ya kupima huzuni ya mtu? Hapo ndipo ninapomwomba mlezi. Awe mtu mmoja mwenye kifua, asiyepeleka maneno, anayemtembelea aliyetengwa nyumbani, anayeomba naye, anayejua kama pombe imeachwa kweli, kama mke hapigwi tena, kama fedha zinalipwa kidogokidogo. Siku ya kikao mlezi ndiye aseme kwanza, kabla ya mzee yeyote. Kwa mwanamke mlezi awe mwanamke. Wagalatia 6:1 inaagiza aliyeghafilika arejezwe upya "kwa roho ya upole", na inamwonya anayerejeza ajiangalie nafsi yake. Mlezi asiyejua udhaifu wake mwenyewe hafai.

Tutofautishe pia Meza na madaraka. Kumrudisha mtu kwenye ushirika si lazima kumrudisha kwenye kiti. Mtunza hazina akitubu na kulipa, ashiriki Meza kama ndugu, lakini sanduku la fedha ashike mwingine. Aliyemgusa mtoto vibaya, hata akitumikia kifungo chake na kutubu kwa machozi, asikanyage tena darasa la shule ya Jumapili maisha yake yote, na hiyo si kukosa msamaha. Tukilielewa hili vizuri, hofu nyingi za kurudisha watu zitaondoka. Nadhani vikao vingi vinachelewa kwa sababu vinadhani vikimpa mtu mkate na kikombe, kesho lazima vimpe na maikrofoni.

Na anayerudishwa arudishwe kwa sauti ile ile aliyotengwa nayo. Kama tangazo la kutengwa lilisomwa mbele ya kanisa, tangazo la kurudi lisomwe mbele ya kanisa, wazee wamshike mkono, na baada ya hapo atakayemrushia maneno ya zamani aitwe yeye kikaoni. Wazee wetu huku Buha waliopitia uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walilijua hili kuliko sisi. Mtu alisimama akaungama, ndugu wakamkumbatia palepale, wakamwimbia, wakaondoka wakiwa kitu kimoja. Walikuwa na mapungufu yao. Wengine waliungama dhambi za jirani zaidi ya zao. Lakini hawakujua habari ya mtu aliyetubu kusubiri miaka mingi karani apate maelekezo.

Najua mtasema hamna muda, washirika ni wengi, na wachungaji wengine wana mitaa mitano ya kutembelea kwa pikipiki. Ni kweli. Ndiyo maana sijaomba semina wala kamati mpya. Kwa wale wapya, tarehe na mlezi vinaandikwa kwenye mstari uleule wa daftari. Kwa wale wa zamani, tengeni kikao kimoja kabla ya Pasaka ijayo, kisiwe na ajenda nyingine, msome majina yote kuanzia la kwanza, na kila jina lipewe mtu wa kulifuata. Baadhi mtakuta wamekwisha fariki. Nendeni kwa watoto wao. Baadhi wamehama, waandikieni wachungaji wa huko. Baadhi bado wako palepale benchi la nyuma, na hao mtaona aibu kuwatazama, lakini nendeni.

Anayetumwa asipeleke barua ya wito. Aende kwa miguu yake, aketi, ale kilichopo, aulize habari za watoto, ndipo aseme amekuja kwa ajili gani. Na kama mnamtuma kwa mtu ambaye kikao kilimwonea, aanze kwa kusema hivyo, bila kuzungukazunguka.

Daftari la miaka niliyohudumu liko kabatini ofisini, kwa karani aliyenipokea. Mwandiko wangu si mzuri na kurasa nyingine ziliingiwa na maji ya mvua. Mkiniita nitakuja kukaa naye tuyasome majina pamoja, na wale ninaojua wanakoishi nitawaelekeza.

Wenu katika Kristo,

Mama wa kanisa, aliyekuwa karani wa kikao cha wazee
Gungu, Kigoma